Cheki Kasi Kabla Uweke Doh

Kama unaendanga Ngong Racecourse Jumapili za mbio, hii umeiona: farasi imeshinda mita 1,200, imeacha wenzake mbali, halafu wiki zingine baadaye imeingizwa mita 2,000. Mbogi yote inamwaga doh hapo, juu ilishinda na gepu kubwa. Wasee, tulieni. Gepu haikushow kama itatoboa hizo mita 800 za juu.

Rada ni hii: usishike muda wa mwisho pekee. Kata mbio vipande, ujue kila kipande kilichukua sekunde ngapi, halafu gawanya mita kwa sekunde. Kwa mbio fupi farasi nyingi hutoka nduki na kumaliza zikiwa zimepoa, hiyo ni kawaida. Chenye unasaka ni zimepoa kiasi gani. Yenye imeshuka mbaya na bado ikashinda, iliokolewa na mstari kuwa karibu. Iongezee umbali na itakuwa ka msee analipwa end month, tarehe tano doh imeisha. Lakini yenye mwisho wake haujaachana sana na mwanzo, hata kama ilimaliza nambari nne, andika jina yake kwa simu. Na ulinganishe na mbio za siku hiyo hiyo, juu nyasi ikinyeshewa sekunde zote zinabadilika.

Sasa hapa ndio mikeka mob huchomeka: hesabu ya farasi moja haitoshi. Lazima ujue nani mwingine anapenda kukaa mbele. Kentucky Derby ya Marekani ni darasa safi, karibu mita 2,000, na hizo farasi za miaka mitatu kawaida huwa hazijawahi kimbia umbali kama huo. 2001, Songandaprayer alipita mita 800 za kwanza kwa sekunde 44.86, yaani karibu mita 18 kila sekunde. Akamaliza wa 13, Monarchos akatoka huko nyuma akabeba. Mwaka uliofuata War Emblem akaachiwa mbele, hakuna mtu wa kumsukuma. Mita 800 zile zile akazipita kwa 47.04, akabaki na pumzi mob, akaongoza hadi mwisho. Hizo sekunde mbili na kitu ni zaidi ya urefu wa farasi kumi, manze! 2022 mambo yakarudi kama ya 2001: mita 400 za kwanza zikaisha kwa 21.78, Summer Is Tomorrow aliyekuwa mbele akamaliza wa mwisho kabisa, na Rich Strike, mwenye watu walikuwa wamempa 80 kwa 1, akatokea nyuma akawachapa wote.

Kwa hivyo farasi ya nduki usiitupe juu tu imeongezewa umbali. Ikiwa ndio pekee yenye kasi ya mwanzo, joki ataipunguzia moto polepole na hakuna atakayemsumbua. Zikiwa tatu za aina hiyo, zitamalizana, na doh yako iende kwa ile inapenda kungoja.

Kuna kitu namba haziwezi kukuonyesha. Zile mita 400 za kwanza, cheki kichwa. Kikiwa juu, mdomo wazi, joki ameegemea nyuma akivuta hatamu, hiyo farasi inapigana naye na pumzi inaenda bure. Yenye imeshusha shingo, hatamu zimelegea, masikio yanachezacheza, inamskiza joki wake.

Secretariat kwa Derby ya 1973 alikimbia kila mita 400 haraka kuliko zile za nyuma: sekunde 25.2, 24, 23.8, 23.4, 23. Hiyo level sitarajii kuiona Ngong. Lakini farasi ya mita 1,200 ikinionyesha kipande cha mwisho chenye hakijaanguka, na haina mpinzani wa kasi huko mbele, mimi naweka.