Maji taka ya Malindi: Kwa nini Ganda haina budi kuuliza maswali

MALINDI ina kampuni yenye jina la maji na maji taka, lakini kwa miaka mingi ni sehemu ya kwanza tu ya jina hilo ambayo wakazi wameionja. Maji safi hutoka visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki. Mabomba ya kuondolea uchafu hayakuyafuata. Mji, pamoja na maeneo jirani ya Ganda, Msabaha na Kijiwetanga, umetegemea vyoo vya shimo na matangi yaliyofukiwa ardhini.

Tatizo huzidi kadiri maji ya mfereji yanavyoenea. Wahandisi hukadiria kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa maji taka. Anayechota madumu mawili kisimani hana mengi ya kumwaga. Mwenye bafu na choo cha kuvuta anayo.

Tangi la ardhini hufanya nusu ya kazi tu. Uchafu mzito huzama, mafuta huelea, na vijidudu visivyohitaji hewa huozesha sehemu ya kinyesi. Maji yanayosalia huingia katika shimo la kando, ambako udongo hutarajiwa kukamilisha usafishaji. Hapo ndipo pwani ina taabu yake. Karibu na ufuo, ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na maji hupenya upesi bila kuchujwa. Kuelekea bara mchanga huchuja vyema zaidi, ila si pale shimo lilipochimbwa hadi kukaribia maji ya visima. Matokeo yake yajulikana: homa ya matumbo, kuhara na, nyakati mbaya, kipindupindu. Baharini nako, uchafu huo huwa mbolea ya mwani unaosonga matumbawe, ilhali Malindi ina hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka wa 1968.

Tope la tangini huondolewa na lori la kunyonya. Mwenye nyumba huuliza bei. Ni nadra aulize lori linaelekea wapi.

Si lazima mji wa kadiri hii ujengewe mtambo wa kula umeme. Tope laweza kumwagwa juu ya vitanda vya mchanga na kokoto, likauke. Maji yanayochujika hupitia mabwawa matatu: la kwanza lenye kina kirefu, ambamo uchafu huoza; la pili la kina cha mita moja hadi mbili; na la mwisho, la kina kifupi, ambamo jua huua vijidudu. Joto la pwani, tunalolilalamikia kila Februari, hapa ni msaada mkubwa. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kipimo cha miligramu 30 kwa lita kwa uchafu unaomaliza hewa majini.

Mfano haupo mbali. Katika gereza la Shimo la Tewa, karibu na mkono wa bahari wa Mtwapa, mradi uliosimamiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ulijenga kinamasi cha kusafishia maji taka kwa kokoto na mimea.

Kinachohitajika zaidi ni ardhi, nayo mjini ni haba na ghali. Ndiyo sababu macho huelekea bara, na Ganda iko njiani. Maji ya ardhini pwani kwa kawaida hutiririka kutoka bara kwenda baharini. Bwawa lisilozibwa sakafu likijengwa upande wa juu, visima vya Ganda vitachafuka kwanza, kisha vya mjini.

Kwa hivyo, mwananchi atakayeitwa barazani ana haki ya kuuliza: sakafu itazibwa kwa nini? Visima vitapimwa na nani, mara ngapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha, na huduma yenyewe ikakabidhiwa serikali za kaunti. Aulize pia ada ya malori, kwani ikiwa juu mno, tope litamwagwa usiku vichakani hata kama mabwawa yamekwisha kujengwa.