Mwalimu Aliyeshuka Vilima vya Pugu

Hadithi! Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo, wajukuu zangu, uongo ubaki nje, maana tunamkumbuka marehemu, na marehemu hasingiziwi.

Ukitoka Kisarawe mjini kuelekea Dar es Salaam, hukawii kufika Pugu. Hapo vilimani palikuwa na shule ya wamisheni wa Kikatoliki, Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1953 ilimpokea mwalimu mpya, kijana wa miaka 30, mwembamba, aliyetoka kusoma Edinburgh, Uskoti. Ndiye Julius Kambarage Nyerere. Siku zile Waafrika wa Tanganyika wenye shahada ya Ulaya walihesabika kwa vidole. Angeweza kuikalia elimu yake, akala mshahara na kulala.

Hakulala. Baada ya vipindi alishuka mjini kukutana na wenzake wa chama cha TAA, kilomita 20 na ushee, na wazee husimulia kwamba mara nyingine alikwenda kwa miguu. Aprili 1953 wakamchagua kuwa rais wa chama hicho. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 akasimama New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, kuidai nchi. Aliporudi, wakubwa wa shule wakamtaka achague: chaki au siasa. Akaacha kazi, mshahara ukakatika, na nyumbani ana familia.

Chaki aliiacha, kufundisha hakuacha. Januari 1962, uhuru haujatimiza hata miezi miwili, akajiuzulu uwaziri mkuu, akampisha Rashidi Kawawa, yeye mwenyewe akaenda kukijenga chama. Kawawa akajifunza kazi akiwa kwenye kiti chenyewe. Juni mwaka huohuo FRELIMO ya Msumbiji iliundwa Dar es Salaam, na wapigania uhuru wengi wa kusini wakapata kwetu pa kulala, pa kusoma na pa kujiandaa. Kwa nchi changa na maskini, huo haukuwa ukarimu mdogo.

Sasa sikilizeni habari za mwanafunzi wake mmoja wa siasa, Benjamin Mkapa. Naye alisoma Pugu. Mwalimu alimwamini, akamkabidhi magazeti, mwaka 1974 akamfanya mwandishi wake wa habari, mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1995, akiwa mstaafu, akapanda majukwaani kumnadi awe rais.

Mnadhani Mkapa alifuata kila alichofanya mzee? Thubutu! Benki ya Taifa ya Biashara, iliyotokana na Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Mkapa ikaamua kuibinafsisha. Mwalimu hakupendezwa, na hakuficha. Mwanafunzi akashika njia yake. Lakini heshima haikuvunjika. Tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu alipofariki London, ni Mkapa huyohuyo aliyelitangazia taifa msiba, kwa sauti nzito ya mtu aliyefiwa na mzazi. Mkapa naye alitutoka Julai 2020.

Je, Mwalimu alikuwa malaika? La hasha. Miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kupelekwa kwenye vijiji vya Ujamaa, wakaacha nyumba na mikorosho yao. Nilisema marehemu hasingiziwi. Basi wala hapambwi kupita kiasi.

Ukienda Kibaha leo, eneo la Kwa Mfipa, utaikuta Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022. Ni ya vyama sita: CCM, FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZANU-PF. Waliosaidiwa jana wameandika jina lake mlangoni. Ni heshima nzuri. Lakini jengo halifundishi, anayefundisha ni mtu.

Kipimo cha mwalimu ni wanafunzi wanaoweza kusimama bila yeye, hata wakikataa baadhi ya aliyowaambia. Mwalimu bakhili hufa na ujuzi wake. Nyerere aliugawa angali hai, akawaachia wenziwe viti, kalamu na majukwaa.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ifikapo tarehe 14 Oktoba, msiishie kufurahia kwamba shule imefungwa. Kila mmoja amtafute mtoto wa darasa la chini yake, amfundishe hesabu moja inayomshinda, na asimdai chochote.