Umeumia kichwa katika ajali? Usiharakishe kusaini mapatano

Ajali za boda boda katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda humalizwa haraka. Mtu amegongwa njiani au ameanguka akiwa abiria, majirani wanakusanyika, mwenyekiti wa RWC anaitwa, na kabla ya jua kuzama karatasi imeshaandikwa: mwenye pikipiki ametoa shilingi laki moja au mbili za dawa, aliyeumia amekubali kwamba mambo yamekwisha, mashahidi wameweka vidole. Kama ni goti lililochubuka, hakuna ubaya, na ujirani unabaki salama. Kama ni kichwa, karatasi hiyo inaweza kuigharimu familia yako miaka mingi, kwa sababu madhara ya ubongo mara nyingi hayajulikani siku hiyo, wala wiki hiyo.

Makala haya ni yako ikiwa wewe au ndugu yako aliumia kichwa kazini au kwa kosa la mtu mwingine. Sheria tunazozieleza ni za Uganda. Kama uko Tanzania, Kenya au Rwanda, fomu na muda wa kudai ni tofauti. Uliza huko uliko.

Uhai kwanza

Mtu aliyepigwa kichwa anaweza kuamka, akazungumza vizuri, akala hata chakula, kisha baada ya saa chache akaanza kuzama. Damu huwa inavuja polepole ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Mkimbize kituo cha afya usiku huohuo ukiona anatapika mara kwa mara, anasinzia na haamki vizuri, anapata degedege, anachanganya maneno, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, upande mmoja wa mwili umelegea, au maji au damu inatoka puani au masikioni. Usimpe pombe wala dawa ya usingizi. Kituo kikimwandikia rufaa, kwa mfano kutoka Nakivale kwenda Mbarara, usiikatae kwa kuwa "ameshapata nafuu".

Yale yanayokuja baadaye

Baada ya wiki au miezi kidonda kimepona na watu wameacha kuuliza habari. Ndipo mke anaona mumewe anakasirika ovyo. Fundi cherehani anasahau vipimo alivyoandika mwenyewe. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza hawezi kukaa darasani kwa sababu ya maumivu ya kichwa na kelele. Wengine wanaanza kuanguka kifafa miezi mingi baada ya ajali. Majirani wanasema amelogwa, au ameanza kunywa, au mawazo ya vita yamemzidi. Inawezekana kweli ana mawazo ya vita, wengi wetu tunayo. Lakini kama mabadiliko yalianza baada ya ajali, mrudishe kwa daktari na umwambie daktari tarehe ya ajali, ili aiandike.

Kuandikwa huko ndiko kutakusaidia mahakamani, kwa sababu hakimu hawezi kuuona ubongo wako. Anaona karatasi. Mwombe mhudumu wa afya, tangu siku ya kwanza, aandike kama ulipoteza fahamu na kwa muda gani, na aandike alama yako ya GCS. Hicho ni kipimo cha fahamu kinachoanzia 3 hadi 15: alama 13 hadi 15 ni jeraha dogo, 9 hadi 12 ni la kati, 8 kushuka chini ni kubwa sana. Neno "dogo" lisikudanganye, kwa kuwa wenye alama 15 nao wapo waliopoteza kazi. Vilevile, picha ya CT ikionekana safi haimaanishi kwamba ubongo haukuumia, maana kuna majeraha ambayo picha hiyo haiyaoni. Upande wa pili wakikuambia "picha haina kitu, huna kesi", usiondoke hapo.

Polisi, omba mambo mawili: namba ya SD, yaani namba ambayo taarifa yako imeandikiwa katika daftari la kituo, na fomu PF3, ambayo daktari anaijaza kuonyesha majeraha. Andika namba ya pikipiki au gari, jina la dereva na la mwenye chombo (si lazima wawe mtu mmoja), na piga picha stika ya bima kama ipo. Tunza kila risiti. Gharama ulizokwishalipa, kama dawa, usafiri wa hospitali na mlezi uliyemlipa, mahakama inataka zithibitishwe moja moja. Maumivu na maisha yaliyoharibika hayana risiti. Hayo hakimu huyakadiria kwa ushahidi wa daktari na wa watu wanaokujua. Kwa hiyo mtu wa nyumbani awe na daftari: leo ameanguka mara ngapi, leo ameshindwa kazi gani.

Nani analipa?

Kila chombo cha moto barabarani kinatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu. Tuseme ukweli: bima hiyo ni ndogo. Sheria yake ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa kila aliyeumia, kiasi ambacho kinaisha haraka sana hospitalini. Dai hata hivyo, lakini usidhani kwamba ndiyo mwisho. Kiasi kinachozidi hapo unaweza kumdai dereva, na mara nyingi mwenye chombo pia ikiwa dereva alikuwa anamfanyia kazi. Hakimu wa daraja la kwanza anasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, hakimu mkuu hadi milioni 50. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba polisi kumshtaki dereva si sawa na wewe kulipwa. Kesi ya polisi ni ya serikali. Ya fidia unaifungua wewe.

Ukiumia kazini, iwe shambani, kwenye ujenzi au machimbo ya mawe, kuna sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2000. Hapa huhitaji kuthibitisha kosa la mwajiri, na hata akisema ulizembea bado anawajibika. Kutokuwa na mkataba wa maandishi pekee hakukuondolei haki. Lakini mjulishe mwajiri ndani ya mwezi 1, kwa maandishi, ubaki na nakala, kisha nenda kwa afisa kazi wa wilaya. Asiyeweza tena kufanya kazi kabisa hukadiriwa kwa mshahara wa miezi 60, na aliyepoteza sehemu ya uwezo wake hupata asilimia anayoipima daktari.

Miaka 3, si zaidi

Kesi ya kuumizwa kwa uzembe ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Ukiishtaki serikali, kwa mfano uligongwa na gari lake, ni miaka 2. Sheria ina nafuu kwa watoto na kwa wasio na akili timamu, ila ina masharti ambayo mzazi anaweza asiyatimize, kwa hiyo hesabu muda uleule kwa mtoto wako. Ambaye akili yake haimruhusu kufungua kesi anaweza kuwakilishwa na ndugu.

Na kama ulishasaini? RWC si mahakama, na karatasi iliyoandikwa mtu akiwa bado anaona kizunguzungu inaweza kupingwa. Mpelekee mwanasheria aisome kabla hujakata tamaa.

Kuwa mkimbizi hakukuzuii. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 16, unakupa ruhusa ya kwenda mahakamani, na kifungu cha 24 kinataja fidia ya ajali kazini. Kudai fidia hakugusi hadhi yako wala faili lako la kuhamia nchi ya tatu. Anayekutisha kwa hilo anajitafutia chake. Wapo pia madalali wanaozunguka wodini wakiahidi mamilioni. Usimwachie yeyote PF3 yako halisi, na usikubali fidia ipitie kwenye simu ya mtu mwingine.

Msaada wa kisheria wa bure unatolewa na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, Chama cha Wanasheria wa Uganda na FIDA. Uliza kwenye dawati la ulinzi au ofisi ya OPM siku wanayofika katika kanda yako, au piga namba ya bure ya FRRM. Nenda na kitambulisho cha familia, PF3, karatasi za hospitali, risiti na lile daftari la nyumbani, pamoja na nakala za kila kimoja. Aliyeumia asiende peke yake. Aende na anayeishi naye, kwa sababu yapo mambo ambayo yeye mwenyewe hakumbuki.