Paka wa Ghalani na Minyoo Yake

Katika miji ya Tunduma na Vwawa, na katika vijiji vya Mbozi na Momba vinavyohifadhi mahindi na mpunga, paka hafugwi kwa pambo. Hufugwa kulinda magunia dhidi ya panya. Kazi hiyo ndiyo humpatia minyoo, na ndiyo sababu paka aliyetibiwa mwezi uliopita aweza kuonekana tena na minyoo leo, ilhali dawa haikuwa na kosa.

Dalili inayowashtua wengi ni vipande vyeupe, mfano wa punje za mchele, vinavyojongea chini ya mkia wa paka au mahali alipolala. Hizo ni pingili za tegu. Katika mkoa wa Songwe hofu huzidi, kwa kuwa wakazi wengi wamesikia habari za tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake humletea binadamu malengelenge ubongoni na kifafa. Ieleweke kwamba tegu huyo hupevuka katika utumbo wa binadamu pekee. Pingili zitokazo kwa paka si zake. Paka hupata tegu wake kwa kula panya aliyebeba mnyoo mchanga iniini, au kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Mtoto akimeza kiroboto aweza naye kupata tegu huyu wa pili, lakini hubaki utumboni na hutibika kwa urahisi.

Anayestahili kuhofiwa zaidi haonekani upesi. Huyu ni mnyoo wa mviringo aitwaye kitaalamu Toxocara cati, ambaye paka mama huwaambukiza watoto wake kwa maziwa. Mayai yake yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo: huhitaji wiki mbili au zaidi kukomaa udongoni, kisha hudumu humo miezi mingi. Kwa hiyo kinyesi kinachoondolewa kila siku na kutupwa chooni hakipati nafasi ya kudhuru. Kikiachwa mchangani, mtoto achezaye hapo huyameza mayai, na lava huenda kwenye ini, mapafu, na pengine jicho, ambalo laweza kupoteza nuru.

Hapa mhudumu wa afya hukosea kwa urahisi. Lava hawa hawapevuki ndani ya binadamu, basi hawatagi mayai. Choo cha mgonjwa kikipimwa, jibu litakuwa kwamba hakuna minyoo. Jibu hilo haliuondoi ugonjwa. Mtoto mwenye mazoea ya kula udongo, ambaye damu yake ina ongezeko la chembe nyeupe aina ya eosinofili, afikiriwe kipimo cha kingamwili. Mwenye makengeza mapya au uoni hafifu wa jicho moja apelekwe kwa daktari bingwa wa macho bila kukawia.

Safura wa paka naye hupenya ngozi ya binadamu na kuacha mchirizi mwekundu uwashao, hasa nyayoni. Albendazoli au ivamektini humtibu mgonjwa huyo.

Lakini dawa ya mtu si dawa ya paka. Kidonge kimoja cha prazikwanteli kitumikacho kwa kichocho huwa na miligramu 600, ilhali paka wa kilo 4 huhitaji takriban miligramu 20 kumwondoa tegu. Hatari kubwa kuliko zote hutokana na dawa za kupe na viroboto za mbwa au ng'ombe zenye pemethrini: paka hana uwezo wa kuivunja ini lake, naye hutetemeka, hupatwa na degedege, na aweza kufa. Viroboto vidhibitiwe kwa dawa iliyoandikwa kuwa ya paka.

Kwa minyoo ya mviringo, piranteli huanza kutolewa mtoto wa paka akiwa na wiki 3, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki mbili baada ya kuachishwa ziwa, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mama anyonyeshaye atibiwe pamoja nao. Paka mzima wa ndani hutosheka na dawa kila miezi mitatu. Mwindaji wa ghalani huhitaji kila mwezi, na dawa yake ijumuishe ya tegu. Kipimo hutegemea uzito, na kwa hilo hakuna kisingizio: paka akitiwa kikapuni, mizani ipimayo unga dukani yatosha.