Mtandao Usiojitaja Jina

Sogeeni karibu, wajukuu, na wewe uliye nyuma zima kwanza hiyo simu. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo kuna binti wa kidato cha tatu, mkazi wa Kibaoni hapa hapa Ifakara, aliyenunuliwa kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, kibodi yake imefutika herufi nusu. Sitampa jina. Wasichana wa namna yake wamejaa mjini, na hadithi inawafaa wote, hata nyie wavulana mnaojifanya mnajua.

Nyuma ya nyumba yao kuna duka la mjomba wake la vifaa vya ujenzi, na dukani kuna ruta. Binti akaenda kuomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Habari za shule?"

"Nzuri. Naomba kujiunga na waifai yako, nina kazi ya Jiografia."

"Jiunge tu, mama. Ila hutaiona. Nimeificha."

Akarudi nyumbani kichwa kimemzunguka. Kitu kilichofichwa, mtu anajiungaje nacho? Tumwache hapo kwanza akune kichwa, sisi tuitazame ruta.

Ruta hainyamazi. Karibu mara kumi kila sekunde inarusha tangazo fupi la redio: jina la mtandao ni hili, ulinzi wake ni wa aina hii, kasi ninazozimudu ni hizi, na saa yangu inasoma hivi, tulinganishe mapigo. Utaratibu huo umo katika kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 1997, zinazojulikana kwa namba 802.11. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walikuwa wameshaunganisha kompyuta kwa redio, kwa sababu visiwa vyao vilitenganishwa na maji. Sisi wa bonde la Kilombero hatuna haja ya kuelezwa adha ya kutenganishwa na maji.

Mjomba alipoiamuru ruta ifiche jina, haikunyamaza. Inaendelea kutangaza vilevile, mara kumi kila sekunde, ila pale pa jina pameachwa patupu. Ndiyo maana ukifungua orodha ya mitandao kwenye kompyuta, chini ya majina ya nyumba za wageni na ya simu za majirani, unaona mstari mmoja usio na mwenyewe.

Waulizeni wazazi wenu ilivyokuwa kabla ya Daraja la Magufuli, lile la mita 384, kufunguliwa mwaka 2018. Ukitoka Ifakara kwenda Mahenge ilikuwa lazima uvushwe mto. Sasa mfikirieni mwenye mtumbwi mmoja asiyenadi. Wenzake wanaita abiria, yeye yuko ng'ambo amekaa kimya kwenye mtumbwi wake. Unaona kuna mtu, humjui ni nani. Ukimtaka huyo na si mwingine, usimame ukingoni upaze sauti, umwite kwa jina lake, ndipo aitike. Haya, niambieni: nani sasa anayepiga kelele? Ni abiria. Na kila aliyesimama ukingoni amelisikia jina.

Kompyuta ya binti ndiyo abiria. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mjomba alimwandikia nyuma ya risiti vitu vitatu: jina la mtandao, aina ya ulinzi na nywila. Ukikosa kimojawapo usianze. Jina liwe sawasawa, herufi kwa herufi, maana kwa kompyuta Duka na duka ni majina mawili, na nafasi tupu ikiachwa mwishoni huhesabiwa kama herufi nyingine yoyote. Jina halizidi herufi 32 za kawaida. Nywila ya waifai ya nyumbani huanzia herufi 8 na huishia 63.

Binti alipobonyeza alama ya mtandao, haukuonekana mtandao hata mmoja, wa kujificha wala wa kujitangaza. Kompyuta haikuwa mbovu. Za mezani, hasa hizi kuukuu, nyingi hazina redio ya waifai ndani. Zilitengenezwa ziunganishwe kwa waya. Akanunuliwa kile kidude kidogo cha kunasa waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na orodha ikajaa.

Kwenye Windows 10 na 11 unashuka hadi mwisho wa orodha hiyo, unachagua mtandao uliofichwa, unaandika jina linapoulizwa, kisha nywila. Mstari huo usipojitokeza, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, fungua mitandao inayojulikana, halafu ongeza mpya kwa mkono. Hapo utaulizwa na aina ya ulinzi, na kuna kisanduku cha kukubali kuunganishwa hata kama mtandao hautangazi jina lake. Kisanduku hicho ndicho watu hukiruka, kisha wakalaumu kidude. Anayetumia Linux atakuta nafasi ya namna hiyo hiyo kwenye menyu ya mtandao.

Binti akaandika vyote. Kompyuta ikagoma.

Hapa wengi huanza kuhangaika na nywila, wanaiandika tena na tena mpaka vidole viume. Subiri. Soma kompyuta imegoma kwa maneno gani. Ikisema mtandao haupatikani, imeita na hakuna aliyeitika: jina limekosewa, au ruta imezimwa, au iko mbali. Ikisema nywila si sahihi, furahi kidogo, kwa sababu jina lilikuwa sawa, ruta imeitika, na kilichobaki ni ufunguo tu. Ipo na sababu nyingine inayowatoa jasho hata mafundi. Ruta nyingi za leo hurusha kwa masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, na vidude vya bei ya chini husikia hayo ya kwanza peke yake. Jina lililofichwa likiwa kwenye GHz 5 tu, utaita mpaka kuche.

Kosa la binti lilikuwa herufi kubwa moja. Akairekebisha, akaingia, na intaneti ikawa inakuja na kupotea.

Wimbi la GHz 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Ukuta wa tofali za kuchoma hulipunguza nguvu, majani mabichi ya mwembe nayo hulipunguza, lakini bati hulirudisha lilikotoka. Na mjomba, mfanyabiashara hodari, alikuwa ameiweka ruta sakafuni nyuma ya shehena ya mabati ya kuuza! Wakaipandisha juu ya rafu upande wa dirisha, kukatika kukapungua pale pale. Sakafuni si mahali pa ruta kwa sababu nyingine pia, nanyi mnaukumbuka mto Lumemo ukifurika masika unavyoingia majumbani bila hodi. Mvua yenyewe husingiziwa sana. Kwa umbali wa nyumba mbili tatu haiyafanyi mawimbi haya kitu. Kinachokatika wakati wa mvua huwa ni umeme, au mnara wa kampuni ya simu. Najua mtasema mitambo ya umeme ya bwawa la Kidatu iko jirani na inaweza kuzalisha megawati 204. Kukaa jirani na bwawa hakujawahi kuwa kinga ya giza.

Sasa lile nililosema tutalirudia. Mjomba anaamini kwamba kwa kuficha jina ameufunga mlango. Namheshimu, ni mtu mzima mwenzangu, lakini hapa amekosea.

Kila kifaa kinapojiunga na mtandao uliofichwa, jina hupita hewani likiwa wazi, bila kufichwa kwa namna yoyote. Mtu mwenye programu ya kusikiliza, kama Kismet ambayo ni ya bure, anakaa tu kimya na kompyuta yake. Binti akiwasha ya kwake, jina limeshaonekana. Hajagusa kitu, hajavunja kitu, amesikia tu kama wale waliokuwa ukingoni.

Kompyuta ya mezani ina nafuu, haitoki nyumbani. Lakini binti, kama nyie, aliweka mtandao huo huo na kwenye simu. Jumamosi akapanda basi la Morogoro. Mtandao wa kujitangaza simu inausubiri ijisikilizie. Wa kujificha haina njia ila kuuita. Basi linapita Kidatu, simu mfukoni inauliza, duka la mjomba, upo? Mikumi, upo? Stendi ya Msamvu, katikati ya watu wote wale, duka la mjomba, upo? Simu za miaka ya karibuni hubadilisha namba zao za utambulisho hewani ili mwenye simu asifuatiliwe. Jina la nadra linaloitwa kila kituo linaiharibu kazi hiyo yote. Kwa hiyo aliyeficha ni ruta, na anayeumbuka ni mwenye simu.

Kinacholinda mtandao ni ufunguo. Ulinzi wa kwanza kabisa uliitwa WEP, nao ulikuja pamoja na kanuni zile za 1997. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir wakaonyesha udhaifu wake, na leo ukiukuta kwenye ruta ya zamani, hesabu kwamba hakuna mlango. WPA2 ilikuja mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018. Uzuri wa WPA2 ni kwamba ruta na kompyuta zinathibitishiana kuwa kila mmoja anaijua nywila, bila yeyote kuitamka. Msikilizaji haipati. Anachoweza ni kurekodi ule uthibitisho, kwenda nao nyumbani, na kubahatisha nywila kwa utulivu, mamilioni kwa mamilioni, mpaka moja ilingane.

Hapo ndipo ninapowagombeza watu wa mji huu. Nywila zenu ni namba za simu! Namba ya simu ya mkononi huanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane. Hizo ni namba milioni 200, basi. Kwako ni nyingi, lakini kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inazimaliza zote kabla saa moja haijaisha. Chukua badala yake maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano perege, reli, ukwaju, saruji, kikapu. Si hayo sasa, nimeshayataja mbele za watu. WPA3 ilitengenezwa makusudi kuzuia ubahatishaji huo wa nyumbani, kwa hiyo ruta na kompyuta zikiikubali, iwekeni.

Na jina lina kazi ambayo mjomba hakuwahi kuambiwa. Katika WPA2 jina la mtandao huchanganywa na nywila ndipo ufunguo upatikane. Jina lililotoka kiwandani, linalofanana na la ruta nyingine maelfu, linampa mbahatishaji nafasi ya kuandaa majedwali mapema na kuyatumia popote atakapolikuta. Jina lako mwenyewe, la pekee, linamfanya aanze upya. Chagua jina vizuri, kisha liache lionekane.

Nilipomweleza mjomba haya alinisikiliza, akacheka. "Mzee wangu, wezi wa mitambo siwajui. Mimi naficha kwa ajili ya majirani."

Nikanyamaza, maana hilo lina ukweli. Jirani akiona jina la duka kwenye simu yake atakuja kuomba paswedi. Ukimnyima, umemnyima jirani; ukimpa, ana watoto watano na kila mtoto ana video zake, na bando la mwezi linakwisha wiki ya pili. Kuficha jina kunamwondolea mtu aibu ya kukataa. Sidharau sababu hiyo. Nadhani wengi mjini hapa wanaoficha wanaficha kwa ajili hiyo, wala hawajali wadukuzi. Ila ruta nyingi zina njia ya kiungwana zaidi: unaweza kuwasha mtandao wa pili wa wageni, wenye nywila yake, usioigusa kompyuta ya mahesabu ya duka, na nyingine hukuruhusu kuupunguzia kasi ili video zisipendeze sana.

Naona wawili pale wanakonyezana tangu nilipotaja Kismet. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ni kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa, na mahakama haitauliza kama mlikuwa mnajifunza. Jifunzieni kwenye ruta ya nyumbani kwenu, baba akiwa amekubali.

Mjomba alikubali kulirudisha jina wazi na kuwasha mtandao wa wageni. Binti akadhani kazi imekwisha, kumbe kompyuta yake ilikuwa bado inaita kama zamani. Kifaa hakijui kwamba mtandao umeacha kujificha. Kimeandikiwa kwamba huyu huitwa, basi kinaita. Lazima ukiagize kiusahau mtandao huo kabisa, kisha ukiunganishe upya kwa kuuchagua kwenye orodha. Akaanza na kompyuta ya mezani, akaja kwenye simu yake, akaenda dukani kwenye kompyuta ya mahesabu. Simu ya mjomba ilibidi isubiri hadi jioni, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameondoka nayo kwenda Mang'ula kudai deni la saruji.