Nyumba Inapotoka Jasho

Ifikapo mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, akina mama wengi wa Bunju hukutana na jambo moja lisilopendeza. Unafungua kabati utoe kitenge cha kuvaa Jumapili, unakuta kimeota koga. Viatu vya baba vilivyowekwa vizuri baada ya kupigwa rangi vimepata unga wa kijani. Ukisogeza kitanda cha watoto, ukuta wa nyuma una madoa meusi, na chumba kinanuka kama gunia lililolowana. Bati halivuji. Bomba halijapasuka. Maji haya yametoka wapi?

Yametoka hewani. Kila mama ameona bilauri ya maji baridi ikitoka jasho mezani, na anajua kwamba maji hayakupenya kwenye kioo. Hewa iliyoizunguka bilauri imepoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke kama hewa ya moto. Hewa ya nyuzi joto 30 ikishiba kabisa hubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17. Zilizozidi lazima ziangukie mahali, nazo huangukia penye baridi: kioo cha dirisha, marumaru, kona ya ukuta, bati la juu. Pale penye unyevu ndipo kuvu huota.

Bunju iko karibu na bahari, kwa hiyo hewa yetu ina mvuke mwingi karibu mwaka mzima, na wakati wa masika huwa imekaribia kushiba. Lakini wazee wetu waliishi pwani hii hii, na kabati zao hazikuoza. Kilichobadilika ni nyumba.

Itazame nyumba ya Kiswahili ya zamani, ile yenye kibaraza mbele na ukumbi unaopita katikati mpaka uani. Ukifungua mlango wa mbele na wa uani, upepo unapita moja kwa moja. Kati ya ukuta na paa mliachwa nafasi, na moshi na mvuke vilitokea hapo. Nyumba za mawe za Bagamoyo na za Mji Mkongwe, Unguja, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, ambayo hufyonza unyevu na kuuachia tena. Mafundi wa siku za karibuni walipoziba kuta hizo kwa saruji wakidhani wanaziimarisha, unyevu ulinaswa ndani na kuta zikaanza kuharibika.

Sasa tazama nyumba tunazojenga leo. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma, na hata ukiyafungua yote nusu ya nafasi inabaki imezibwa na kioo. Dari ni ya jipsamu, imezibwa pembe zote. Matofali ya matundu juu ya dirisha hayapo tena, kwa sababu yanaonekana ya kizamani. Ukuta wa uzio ni mrefu, nyumba ya jirani iko hatua chache tu, na usiku tunafunga kila kitu kwa ajili ya mbu na wezi. Hatuwalaumu akina mama kwa kufunga. Mwizi ni mwizi, na malaria ni malaria. Ila ni vizuri kujua tumefungia nini ndani.

Maji tunayoyatengeneza wenyewe

Watu wanne wakilala chumba kimoja kilichofungwa, kwa pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya lita moja ya maji kabla hakujakucha. Nguo zilizoanikwa ukumbini kwa sababu ya mvua, maji yake yote huishia hewani. Bafu la ndani lisilo na dirisha la nje hupeleka mvuke wake chumbani.

Na liko jambo linalowashangaza wengi: gesi ya kupikia. Gesi inapoungua huzaa maji. Kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke, na hapo hatujahesabu mvuke wa maharage yanayochemka. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umemwaga zaidi ya lita 9 za maji jikoni mwako. Hatusemi urudi kwenye mkaa, kwani moshi wake ni mbaya zaidi kwa kifua. Tunasema jiko la gesi likae karibu na dirisha lililo wazi, na sufuria ifunikwe.

Hapa tuonye jambo moja kwa nguvu. Wako wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta au nguo za mtoto. Usifanye hivyo kamwe. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Kiyoyozi na chumba cha pili

Familia ikipata uwezo hununua kiyoyozi, na kwa kawaida huwekwa chumba cha baba na mama. Kiyoyozi chenyewe hukausha hewa. Ndiyo maana bomba lake la nje hutiririsha maji usiku kucha. Taabu huanza upande wa pili wa ukuta. Ukikiweka nyuzi 18, ukuta wa tofali unaotenganisha chumba chenu na cha watoto unapoa pande zote mbili. Upande wa watoto hakuna kiyoyozi, hewa ni ya moto na yenye mvuke, ikigusa ukuta ule inatoa jasho. Baada ya mwezi mmoja kuna doa jeusi chumbani kwa watoto, na fundi anaitwa kutafuta bomba linalovuja. Habomoi kitu, maana bomba halipo.

Ukisoma maelekezo ya nchi za baridi utakuta mengine yanaenda kinyume na haja yetu. Huko nyumba ina joto ndani na baridi nje, kwa hiyo mvuke husukuma kutoka ndani kwenda nje, nao huzuia upande wa ndani. Kwetu, kwenye chumba cha kiyoyozi, mvuke hutoka nje kuja ndani. Anayebandika karatasi ya plastiki au rangi nzito isiyopitisha hewa upande wa ndani, kwa sababu aliona ndugu yake wa Uingereza akifanya hivyo, anayanasa maji katikati ya ukuta.

Maoni yetu ni haya: kila chumba kichague. Ama kiwe chumba cha kiyoyozi, kifungwe vizuri, mlango usiachwe wazi, na mashine iwekwe nyuzi 25 au 26, ambazo zinatosha kulala na kuokoa LUKU. Au kiwe chumba cha madirisha na feni, kifunguliwe pande mbili. Ile ya nusu kwa nusu, kiyoyozi kikinguruma na dirisha likiwa wazi kidogo, ndiyo inayoleta maji.

Si suala la madoa tu

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo huugua zaidi kikohozi, magonjwa ya njia ya hewa na pumu. Wanaoumia kwanza ni watoto wadogo, wazee, na wale ambao tayari wana pumu.

Huko Rochdale, Uingereza, mwezi Desemba 2020 alifariki mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan. Nyumba waliyopanga ilikuwa na kuvu, na baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017. Wakati mmoja aliambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo ulithibitisha kwamba mtoto yule alikufa kwa matatizo ya kupumua yaliyotokana na kuvu ya nyumbani. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayobeba jina lake, kuwalazimisha wenye nyumba za umma kushughulikia unyevu kwa muda uliopangwa. Bunju si Rochdale, na hatuna baridi ile. Lakini ushauri wa kupaka rangi juu ya kuvu tunausikia hapa hapa, kila masika.

Wana wa Israeli hawakuruhusiwa kufanya hivyo. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, kinaeleza nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu ukutani: vyombo vilitolewa, nyumba ikafungwa siku saba, na doa likienea, mawe yaliyoathirika yaling'olewa na kutupwa nje ya mji, ukuta ukakwanguliwa na kupigwa lipu mpya. Kwa kweli ni kazi bora kuliko ya mafundi wengi wa rangi tunaowajua.

Jua kwanza adui ni yupi

Kabla ya kutoa fedha, pima. Chukua kipande cha nailoni ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote, ukiache siku mbili. Ukikuta maji nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani: pengine msingi haukuwekewa karatasi ya kuzuia maji, au bomba linavuja. Dalili nyingine ya maji ya ardhini ni chumvi nyeupe na lipu kumomonyoka sehemu ya chini. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumba, basi ni jasho la hewa, na dawa yake ni hewa.

Sogeza kabati na vitanda mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, hasa ukuta wa nje. Usijaze nguo mpaka zibanane. Tandua magodoro na uyasimamishe. Madirisha ya vyumba visivyo na kiyoyozi yawekewe nyavu imara na nondo ili yaweze kukaa wazi. Kama ni lazima yafungwe usiku, yafungue kuanzia saa nne asubuhi, jua linapopanda, na uwashe feni. Wengi tumezoea kufungua alfajiri, lakini saa hiyo hewa ya nje nayo imejaa umande.

Kuvu iliyokwisha kuota ioshwe kwa sabuni na maji, kisha ipakwe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji. Funga kitambaa puani na mdomoni, vaa glovu, fungua madirisha, na watoto wapelekwe kwa shangazi siku hiyo. Usichanganye klorini na siki wala na dawa nyingine ya chooni, kwani hutoa hewa ya sumu. Jipsamu iliyolowa na kuwa nyeusi haioshwi ikapona. Ikatwe iwekwe nyingine.

Kwa mnaojenga sasa

Wenye viwanja ambao bado mko kwenye linta mna bahati. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini kuanzia mwezi wa nne, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki mwisho wa mwaka. Kila chumba cha kulala kikiwa na madirisha kuta mbili, upepo utaingia na kutoka. Dai matofali ya matundu yenye wavu, hata kama fundi atacheka. Usihamie wiki ile ile lipu ilipokamilika. Saruji ina maji mengi ambayo huchukua miezi kukauka. Mchanga wa ufukweni ukatae, chumvi yake huvuta unyevu maisha yote.

Na usisahau bati. Usiku lisilo na mawingu bati hupoa kuliko hewa yenyewe, mvuke hugandia chini yake na kudondoka juu ya dari. Ndiyo asili ya yale madoa ya kahawia yanayowafanya watu wazibe misumari isiyovuja. Kabla dari haijafungwa, panda ngazi na mzee wako mkaangalie: kuwe na nafasi yenye wavu kando ya paa pande zote, hewa ipite juu ya dari. Ikiwezekana, chini ya bati itandikwe karatasi ya foili yenye sponji, ambayo pia itapunguza joto la mchana. Dari ikishafungwa, fundi atakudai fedha nyingine kuifungua.