Mswada Mmoja, Mikono Mingi: Nasaha kwa Waandishi wa Filamu na Wazazi Wao



Jioni, baada ya swala ya Isha na chakula, nyumba nyingi za Pwani huwasha runinga. Mama huketi na ushonaji wake, watoto hutandaza mkeka, na baba hujifanya anasoma gazeti ilhali masikio yako kwenye tamthilia. Waigizaji twawajua kwa majina na sura. Aliyeyaandika maneno yanayotoka vinywani mwao hatumjui, wala aghalabu hatumuulizi. Juma hili tumeona tumzungumzie mtu huyo asiyeonekana, yaani mwandishi wa filamu, kwani huenda yumo nyumbani mwako, amejifungia chumbani na daftari lake, nawe wadhani anafanya masomo ya ziada.

Tupige mfano, na mfano wetu tuuweke mbali na studio na kamera. Mutomo ni mji mdogo wa Kitui Kusini. Atokaye Mombasa hushika njia ya Nairobi, kwa barabara au kwa reli, hadi Kibwezi. Hapo huiacha njia kuu, akapita Ikutha, ndipo akafika Mutomo. Ni nchi ya ukame, nchi ya mito inayojaa siku chache na kukauka miezi mingi. Hebu tumfikirie binti wa huko aliyemaliza sekondari. Ameandika kisa cha bibi yake, ambaye kila alfajiri hufukua mchanga wa mto mkavu mpaka maji yachuruzike. Kisa ni kizuri. Lakini binti hana mwalimu wa filamu, hana kamera, wala hamjui mtu mwingine aandikaye. Afanye nini?

Mbele yake mna milango mitatu. Wa kwanza ni kulificha daftari, asije mtu akamwibia. Wa pili ni kulikabidhi kwa mgeni wa kwanza ajaye na maneno matamu. Wa tatu ni kutafuta wenzake, wasomeane, wakosoane, wagawane kazi, na waandikiane masharti. Mlango wa kwanza hauzai kitu, wa pili huzaa majuto. Makala haya yanahusu mlango wa tatu.

Wakamba wana neno lao, mwethya, maana yake kundi la majirani wanaofanya kazi ya mmoja wao leo, na ya mwingine kesho. Sisi wa Pwani tuna kikoa. Kitui imejulikana kwa mabwawa ya mchanga. Wanakijiji hujenga ukuta wa mawe na saruji kuukata mto wa msimu. Mvua ikija, mchanga hujilimbikiza nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, jua lisiyamalize. Hakuna mtu mmoja awezaye kuujenga ukuta ule. Mmoja husomba mawe, mwingine mchanga, mwingine huchanganya saruji, na maji hunywewa na wote. Filamu nayo ni hivyo hivyo.

Hata ufundi wa vinyago vya Wakamba, vinavyouzwa hadi ufukweni kwetu, ulienea kwa njia hii. Yasimuliwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi kwao akaufundisha. Kufikia 1963 wachongaji Wakamba walikuwa na chama chao cha ushirika hapa Changamwe, Mombasa. Lau ufundi ule angaliukumbatia peke yake, ungalizikwa naye.

Tukija kwenye filamu za Kenya zenyewe, tutaona kwamba nyingi kati ya zile zilizosifika ni kazi ya kalamu zaidi ya moja. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 iliandikwa na waandishi wanne. Kati Kati ya 2016, iliyopata tuzo ya wahakiki huko Toronto, waliiandika wawili, Mbithi Masya na Mugambi Nthiga. Supa Modo ya 2018, iliyoelekezwa na Likarion Wainaina, ina majina kadhaa ya waandishi. Nayo ni filamu ambayo familia ingefaidika kuizungumzia: binti mdogo mgonjwa wa maradhi yasiyopona anatamani kuwa shujaa, na kijiji kizima kinakusanyika kumtengenezea filamu yake. Ukiitazama, utaona jinsi mapenzi ya mama, dada na majirani yanavyogeuka kazi, kila mmoja na sehemu yake.

Kwa upande wa Waswahili, riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, iligeuzwa filamu mwaka 2021. Amil Shivji wa Tanzania aliuandika mswada pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini. Mmoja aliijua Zanzibar. Mwingine alileta jicho la mgeni lenye uzoefu wa kazi. Huko ndiko kutafuta mshirika: si kumtafuta anayefanana nawe, bali aliye na kile usichokuwa nacho.

Ama kuhusu ufundi wenyewe, waandishi wazoefu hupeana nasaha chache ambazo hazihitaji fedha. Tumezikusanya hapa kwa faida ya binti wa Mutomo na wenzake wa Majengo, Malindi na Lamu.

Nasaha ya kwanza: andika kinachoonekana na kinachosikika tu. Mwandishi wa riwaya aweza kusema, "Bibi alihuzunika." Kamera haiwezi kuipiga picha huzuni. Mwandishi wa filamu huandika hivi: nje, mto mkavu, alfajiri, bibi anachota kata ya kwanza, anaitazama, anamimina yote katika kibuyu cha mjukuu, chake anakifunga kikiwa kitupu. Mtazamaji ataijua huzuni bila ya kuambiwa.

Ya pili: kila onyesho lianze kwa kutaja mambo matatu, ni ndani au nje, ni mahali gani, na ni wakati gani. Utaratibu huu humsaidia mpiga picha, mwenye taa na mwenye gharama. Ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Basi anayeanza na aandike kurasa kumi, asikimbilie mia.

Ya tatu: kabla ya kuandika mswada, kiseme kisa chako kwa sentensi moja au mbili. Ni nani, anataka nini, na ni kipi kinachomzuia? Ukishindwa kukisema kwa mama yako jikoni akakielewa, hakijaiva.

Ya nne: mazungumzo yawe mafupi, tena kila mtu aseme kwa lugha yake. Mzee wa Siyu hasemi kama kijana wa Mtwapa, wala mama wa Mutomo hasemi kama karani wa Kitui mjini.

Ya tano, nayo ndiyo kubwa: someaneni kwa sauti. Watu wanne au watano wakae, kila mmoja apewe mhusika, mwandishi anyamaze asikilize. Pale msomaji anapokwama ulimi, pana kasoro. Pale wasikilizaji wanapoangalia simu zao, pana kasoro kubwa zaidi. Na anayekosoa na akosoe mswada, asimkosoe mtu, aseme, "Hapa sikuelewa kwa nini ameondoka," wala asiseme, "Hujui kuandika." Ulimi huu wa adabu ndio unaoliweka kundi pamoja hata mwaka wa pili.

Wenzake watapatikana wapi? Kwa aliye shuleni, tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo lina sehemu ya filamu, nalo ni mahali pa kwanza pa kujifunza kufanya kazi na wengine. Kwa aliyemaliza, Nairobi palianzishwa mwaka 2018 chuo cha MultiChoice Talent Factory kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki. Pana Docubox, mfuko ulioanzishwa na mwelekezi Judy Kibinge kwa ajili ya filamu za kweli. Zanzibar lina tamasha lake la filamu tangu 1998. Na Maisha Film Lab, iliyoanzishwa Kampala na Mira Nair mwaka 2004, imewakalisha waandishi wachanga wa nchi zetu pamoja na wazoefu, mswada mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo, asiyeweza kusafiri asivunjike moyo. Watu watatu katika chumba kimoja, na simu yenye kamera, wanatosha kuanza.

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza wengi. Wapo vijana waliotoa miswada yao kwa ahadi ya mdomo, kisha wakaviona visa vyao kwenye runinga bila ya jina lao. Ni lazima tujue sheria inasemaje. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wazo tupu. Inalinda kazi iliyokwisha kuandikwa. Mswada ukiandikwa ni wako, na haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, ikawafaa warithi wako. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, huisajili kazi, na usajili huo waweza kufanywa kwa intaneti. Lakini kuna jambo wengi hawalijui: kazi uliyoagizwa na mtu uiandike, au uliyoiandika ukiwa mwajiriwa wake, huhesabiwa kuwa haki imehamia kwake, isipokuwa mmeandikiana vingine. Kadhalika kuihamisha haki ya mswada wako kwa mtu mwingine kwataka maandishi. Basi usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma, au hujasomewa na mtu unayemwamini.

Hili kwetu si geni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Atakayesema kuwa kuandikiana kwaonyesha kutoaminiana, na aifikirie aya hiyo. Maandishi huuhifadhi undugu, kwani kumbukumbu za watu wawili hutofautiana hata kama wote ni wakweli. Karatasi moja yatosha kwa kuanzia: ni nani aliyeleta kisa, nani ameandika sehemu gani, majina yatatokea kwa mpangilio upi, malipo yatagawanywaje, na mmoja akijitoa mswada utabaki kwa nani. Andikeni kabla ya kazi, kabla fedha hazijaonekana. Hata Marekani, yenye viwanda vikubwa vya filamu, waandishi waligoma siku 148 mwaka 2023 kwa ajili ya masharti yao. Wasingeweza kulifanya hilo kama kila mmoja angalisimama peke yake.

Nanyi wazazi, hasa akina mama, tuna maneno machache. Twajua khofu yenu, nayo ina msingi. Wapo wanaojiita watayarishaji, wakadai ada ya usajili, au wakamwita binti wa watu hotelini usiku kuzungumzia mswada. Mtayarishaji wa kweli hamtozi mwandishi fedha ili amsome. Mkutano wa kazi na uwe mchana, mahali pa watu, na ndugu au rafiki awepo. Nanyi wekeni mipaka ya maudhui mapema, kwa maelewano. Lakini kulichoma daftari si ulinzi. Mtoto mwenye kisa moyoni ataandika tu, na tofauti itakuwa kwamba ataandika kwa siri, bila ya mtu wa kumshauri.

Tena tufikirie hasara iliyo kubwa kuliko ya mtoto mmoja. Mara ngapi tumeona katika michezo mlinzi wa Kikamba aliyewekwa achekwe kwa lafudhi yake, au mwanamke wa buibui aliyewekwa kuwa mchawi, au kijana wa kanzu aliyewekwa kuwa gaidi? Walioandika hayo hawakuwa na wa kuwauliza. Na Mutomo huonekana kwenye runinga wakati wa njaa, kana kwamba watu wake hawaolewi, hawatanii, wala hawana visa.

Tukumbuke pia yaliyotokea Desemba 2015 karibu na El Wak, Mandera. Basi lilivamiwa na magaidi, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kisa hicho kilifanywa filamu fupi, Watu Wote, mwaka 2017, ikafika kwenye kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2018. Ilikuwa kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani, chini ya mwelekezi Katja Benrath, wakishirikiana na Wakenya. Twawashukuru kwa dhati. Lakini yafaa tujiulize kwa nini filamu ya kisa hicho ilitoka Hamburg, si Mandera, wala Garissa, wala Mombasa.

Binti wa Mutomo anaujua mto wake, na kijana wa Mji wa Kale anaijua bahari yake. Yule hajui mashua ikipandisha tanga husikikaje, na huyu hajawahi kufukua mchanga kwa kata. Wakikaa pamoja, wakasomeana, wakaandikiana, kila mmoja atamzuia mwenzake asiandike uongo kuhusu watu wake. Basi mzazi mwenye mtoto wa aina hii na amwite wikiendi hii, amwambie, "Mwanangu, tusomee ulichoandika." Kisha asikilize mpaka mwisho.

Wabillahi tawfiq.